Wasomaji Wauliza: Kushusha Jeshi Ufukweni

Toleo lililopita tulichapisha makala fupi juu ya tarehe 6 Juni 1944, iitwayo D-Day, siku majeshi ya Marekani, Uingereza, Kanada na washirika wao yalipovuka bahari kutoka Uingereza na kushuka Normandy, kaskazini mwa Ufaransa iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Tulitaja fukwe tano, kutoka magharibi kwenda mashariki: Utah na Omaha za Wamarekani, Gold ya Waingereza, Juno ya Wakanada, na Sword ya Waingereza tena. Tulisema pia kwamba askari kama 156,000 walifika siku hiyo, baadhi yao kwa ndege na miavuli, walio wengi kwa maji. Tulidhani barua zitakuwa za majenerali. Kumbe wasomaji wetu wanataka kujua habari za maji, mbao, matope na mizigo, na tunakiri wameuliza penyewe.

Mimi nimekulia Masese, kando ya ziwa. Vitabu vyote vinasema siku ilichaguliwa kwa sababu ya kujaa na kupwa kwa maji. Maji yajae na kupwa kiasi gani hata yaliamrishe jeshi? (Mwanafunzi wa S.6, Jinja)

Ziwa letu hupanda na kushuka kwa miezi, kufuata mvua, na upepo mkali huweza kulisukumia upande mmoja kwa muda. Mtu wa Masese hana sababu ya kujua bamvua, yaani maji ya bahari yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Pwani ya Normandy, maji hupanda na kushuka mara mbili kila siku, na wakati wa mwezi mpevu au mwezi mwandamo tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 6. Sasa weka mita hizo 6 juu ya ufukwe ulio karibu bapa. Maji yakipwa, Omaha inabaki na mchanga mtupu wa karibu mita 300 kati ya mawimbi na nchi kavu. Yakijaa, mchanga huo wote uko chini ya bahari.

Jemadari Rommel wa Ujerumani, aliyesimamia ulinzi wa pwani hiyo, alitarajia adui aje maji yakiwa yamejaa ili askari wake wasikimbie mbali chini ya risasi. Kwa hiyo alijaza sehemu ile inayofunikwa na maji vizuizi vya kila namna: magogo yaliyosimikwa kwa mshazari kuelekea baharini, mengine yakiwa na bomu kichwani, vyuma vya reli vilivyounganishwa kama miba mikubwa, na mageti ya chuma. Boti ikija juu ya maji yaliyojaa haivioni; inapasuka tumbo.

Washirika wakaamua kushuka muda mfupi baada ya kupwa, maji yakianza kupanda. Wahandisi wa jeshi wangeviona vizuizi na kuvilipua vikiwa vikavu. Boti iliyokwama ingeinuliwa na maji yenyewe baada ya dakika chache, ambapo boti inayokwama maji yakishuka hubaki hapo nusu siku. Gharama yake ni kwamba askari alikuwa na mchanga mrefu wa kuvuka, na mhandisi alikuwa na saa inayomkimbilia, kwani maji yalipanda zaidi ya mita moja kwa saa. Na kwa kuwa maji ya pwani hiyo hujaa yakielekea mashariki, saa ya kushuka haikuwa moja: Utah na Omaha saa 12:30 asubuhi, Gold na Sword saa 1:25, na Juno baadaye kidogo, kwa sababu mbele yake kulikuwa na miamba iliyohitaji kina zaidi.

Ongeza mahitaji mengine mawili. Marubani waliobeba askari wa miavuli walitaka mbalamwezi usiku uliotangulia. Wapiga mizinga wa melini walitaka mwanga wa alfajiri wa kulenga kabla boti hazijagusa mchanga. Ukikusanya yote, mwezi wa Juni ulibakiza tarehe 5, 6 na 7. Baada ya hapo maji yangefaa tena kuanzia tarehe 18 hadi 20, lakini bila mwezi. Tarehe 5 ndiyo iliyopangwa. Dhoruba ikaiharibu, na meli zilizokwisha kung'oa nanga zikarudishwa. Mtaalamu wa hali ya hewa, James Stagg, akamwambia Jenerali Eisenhower, mkuu wa majeshi ya Washirika, kwamba kuna utulivu mfupi unakuja tarehe 6. Wangengoja ile nafasi ya pili wangekutana na dhoruba iliyoanza tarehe 19 Juni, ambayo tutaikuta tena chini.

Ndugu wahariri, ninaunda boti za mbao hapa Katosi. Boti yenye watu 30 ikipanda mchangani kwa kasi haitoki bila kusukumwa. Wao walitokaje, tena wanapigwa risasi? (Fundi wa boti, Mukono)

Fundi, boti unayoiona kwenye picha nyingi ni LCVP, kazi ya Andrew Higgins wa New Orleans, ambaye kabla ya vita aliunda boti za kupita kwenye vinamasi vya Louisiana. Zilitengenezwa zaidi ya 20,000. Urefu wake mita 11, upana mita 3.3, mbavu na kuta za mbao na plaiwudi, mlango wa mbele wa chuma. Ilibeba askari 36 wenye silaha, au gari dogo na watu 12, au mzigo wa tani 3.6. Wahudumu walikuwa 4.

Siri iko chini ya maji. Sehemu ya mbele ilizama sentimita 66 tu, ya nyuma kama sentimita 90. Maana yake boti hugusa mchanga kwa mbele huku nyuma bado inaelea. Chini ya mlango kulikuwa na kipande kizito cha mbao ya msonobari, sehemu ngumu kuliko zote, kilichochukua kishindo cha kugonga mchanga au gogo. Propela haikuning'inia chini kama ya boti ya kawaida: ilikaa ndani ya mfereji uliochongwa kwenye sakafu ya boti, ikikingwa na mkuku, ili isichimbe mchanga wala kushika magugu.

Utaratibu wa kuiendesha ulikuwa huu. Mshika usukani anaikabili pwani sawasawa, mawimbi yakiwa nyuma yake, na haendi polepole. Mwendo ndio unaomfikisha mahali pa kina kifupi. Akigusa, hazimi injini wala hairudishi nyuma. Anaiacha isukume mbele, ili boti ing'ang'anie mchanga na isizungushwe na wimbi. Mlango unaachiwa, watu wanatoka. Boti ikiisha kupoteza tani tatu za watu na mizigo inainuka yenyewe. Hapo ndipo anapofunga mlango, anaweka gia ya nyuma, na kurudi kwa mstari ulionyooka hadi apite mawimbi yanayovunjika, kisha anageuka. Anayegeuka mapema huonyesha ubavu kwa wimbi, na boti bapa ikipigwa ubavuni hulala mchangani kama ng'ombe mgonjwa.

Kosa lililoua watu wengi lilikuwa jingine. Pwani ile ina matuta ya mchanga chini ya maji. Boti inagusa tuta, mshika usukani anadhani amefika, mlango unaanguka, na kati ya tuta na ufukwe kuna bonde la maji linalomfika mtu shingoni au kumfunika. Askari alibeba kilo 30 na zaidi. Waliovaa mkanda wa kuelea kiunoni badala ya chini ya kwapa walipinduliwa na uzito wa mgongoni, miguu juu kichwa chini. Jambo hilo lilikwisha kuonekana mwezi Aprili kwenye mazoezi ya Slapton, kusini mwa Uingereza, meli za mazoezi ziliposhambuliwa na Wajerumani.

Waingereza walikuwa na boti yao, LCA, iliyobeba kikosi cha watu wapatao 30. Ilikuwa ya polepole zaidi na mlango wake mwembamba, lakini ilikuwa na bamba la chuma ubavuni, kimo chake kilikuwa kifupi, na watu waliketi. Kwa kumwaga gari au shehena haraka, ya Higgins inashinda. Kwa kuwafikisha watu wakiwa hai mbele ya bunduki, sisi tungepanda LCA.

Meli kubwa, LST, yenye urefu wa mita 100 na uwezo wa vifaru kama 20, ilitumia njia tofauti. Nahodha alijaza maji kwenye matangi ya ndani ili meli itulie baharini, kisha akayamwaga akikaribia pwani ili mbele iwe nyepesi. Mita mia kadhaa kabla ya kugusa alidondosha nanga ya nyuma. Kutoka, aliivuta nanga hiyo kwa winchi huku injini zikirudisha nyuma. Nanga ikikosa kushika, meli hiyo haina namna ila kungoja maji.

Kwa nini Omaha ilikuwa machinjio na Utah, jirani yake, ikawa rahisi? Na ni wangapi hasa waliokufa? Wanafunzi wangu wananiletea tarakimu tofauti kila mara. (Mwalimu wa historia, Mbarara)

Mwalimu, jeshi lilikuwa moja, mpango ulikuwa unafanana, na saa ilikuwa ile ile. Zilizotofautiana ni hali za mahali, na makosa yakajipanga upande mmoja.

Anza na mabomu. Omaha ilipewa ndege kubwa za Liberator zaidi ya 400, zilizokuja kutoka baharini kwa kukata pwani, juu ya mawingu. Kwa kuogopa kuwapiga wenzao botini, walichelewesha kuachia mabomu kwa sekunde kadhaa. Sekunde 30 kwa mwendo wa ndege ni kilomita: mabomu yaliangukia mashamba na mifugo, mengine hadi kilomita 5 ndani. Utah ilipewa ndege za Marauder, ndogo zaidi, zilizoruka chini ya mawingu zikiufuata ufukwe kwa urefu wake. Aliyekosea kulenga mbele kidogo au nyuma kidogo bado aliupiga ufukwe.

Kisha vifaru. Kulikuwa na vifaru vya Sherman vilivyovishwa sketi ya turubai iliyosimamishwa na mirija ya hewa, na propela mbili nyuma, viogelee vyenyewe hadi nchi kavu. Turubai hiyo iliundwa kwa maji matulivu. Mbele ya Omaha batalioni moja ilishusha vifaru 29 baharini, kama kilomita 5 kutoka pwani, kwenye mawimbi makubwa kuliko yale iliyoundiwa. Vilizama 27. Mkondo ulikuwa ukivisukuma mashariki, na kila dereva aliyegeuza kifaru kurudi kwenye mstari wake alilionyesha wimbi ubavu. Batalioni ya jirani, upande wa magharibi wa ufukwe huo huo, ilikataa kuvishusha na ikavipeleka kwa boti hadi mchangani. Huko Utah rasi ya Cotentin iliukinga upepo wa magharibi, vikashushwa karibu zaidi, na vingi vikafika.

Halafu ardhi yenyewe. Nyuma ya Omaha kuna mlima wa mita 30 hadi 50, na njia za kutokea ni vibonde vitano tu. Mjerumani aliviziba vyote kwa bunduki zilizolenga kuupiga ufukwe kwa urefu, si kuelekea baharini. Wahandisi walitakiwa kufungua mapito 16 kati ya vizuizi. Walifanikiwa machache, kama sita, kabla maji hayajawafunika. Katika makatapila 16 ya mwanzo yalifika 6, na 3 kati ya hayo yakaharibiwa upesi. Kilichookoa siku ni makundi madogo ya askari yaliyoacha vibonde na kupanda mlima wenyewe kati ya ngome, pamoja na manowari ndogo zilizosogea chini ya kilomita moja kutoka pwani, zikikaribia kukwama, zikapiga ngome kwa kuonekana.

Utah nako kulikuwa na kosa, ila kosa la heri: mkondo na moshi viliwapeleka karibu kilomita 2 kusini mwa mahali palipopangwa, nao wakakuta ulinzi mwembamba. Jenerali Theodore Roosevelt Jr., aliyeshuka na kundi la kwanza, aliamua waendelee kutokea hapo walipo.

Juu ya tarakimu, shida yako inatokana na neno moja la kijeshi, «casualties», kuhesabiwa kama kifo. Ripoti za vita hujumlisha waliouawa, waliojeruhiwa, waliopotea na waliotekwa. Kwa Omaha jumla hiyo huanzia 2,000 na kwenda juu kutegemea mhesabuji. Kwa Utah, divisheni ya 4 ya Marekani iliandika 197. Vifo peke yake, kwa pande zote za Washirika siku ile, vimehesabiwa jina kwa jina na wakfu wa kumbukumbu wa D-Day nchini Marekani: kama 4,400, kati yao Wamarekani kama 2,500. Waambie wanafunzi waandike kila mara wanahesabu nini.

Mimi ni mhandisi wa barabara. Nimesikia walituma watu kuiba mchanga kabla ya vita. Ni kweli? (Kampala)

Ni kweli, na mhandisi hatashangaa. Wataalamu waliosoma ramani za zamani za jiolojia walihofu kwamba chini ya mchanga wa sehemu hiyo kuna tabaka za udongo mweusi wa kinamasi na mfinyanzi. Juu unaona mchanga safi. Gari la tani 30 likipita, linazama. Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1944, Meja Logan Scott-Bowden na Sajenti Bruce Ogden-Smith waliogelea hadi ufukweni, sehemu iliyokuja kuitwa Gold, wakatoboa kwa kekee ya mkono, wakajaza mirija, wakarudi baharini. Baadaye mwezi huo walirudi na nyambizi ndogo kuchunguza pwani ya Omaha.

Waingereza walitafuta ufukwe wa kwao wenye tabaka hizo hizo, wakaupata Brancaster, Norfolk, wakajaribu magari yao hapo. Jibu lao lilikuwa kifaru cha Churchill chenye roda kubwa mbele, kilichotandika zulia la turubai lililotiwa vyuma, upana wa karibu mita 3, na kupita juu yake chenyewe kwanza. Kwa njia za malori walitandaza wavu wa waya wenye fito za chuma. Kanuni waliyopata ni ile mnayoijua: mchanga ulio na maji kiasi na kushikana hubeba, mchanga mkavu wa juu ya mstari wa bamvua humeza tairi. Na kokoto ni mbaya kuliko vyote viwili. Huko Dieppe, Agosti 1942, katika shambulio ambalo Wakanada zaidi ya 900 walikufa, mawe ya ufukwe yaliingia kwenye minyororo ya vifaru na kuikata.

Naendesha malori kati ya Malaba na Kampala. Lori moja likikwama mpakani biashara yangu imelala. Hawa waliwezaje kulisha jeshi zima bila bandari? (Malaba)

Hili ndilo swali tulilokuwa tukilingoja. Kufika ufukweni ni kazi ya asubuhi moja. Divisheni moja ikipigana ilikula takriban tani 600 hadi 700 kwa siku: risasi, mafuta, chakula, vipuri. Zidisha kwa divisheni kadhaa, kisha ukumbuke adui anajitahidi kuleta majeshi kwa reli na barabara haraka kuliko unavyoweza wewe kwa bahari.

Upakiaji ulianza kwa kugeuza kichwa. Bandarini kwetu mtu hupakia ili nafasi ijae. Kwa vita hupakiwa kwa mpangilio wa kushuka: kinachotakiwa kwanza kinaingia mwisho, hata kama nafasi inapotea. Magari yaliingizwa kinyumenyume ili yatoke yakitazama mbele. Shehena ya aina moja haikuwekwa yote katika meli moja, maana meli ikizama isiondoke na risasi zote za mizinga.

Kila gari lilizibwa dhidi ya maji: plagi, distributa na nyaya zilipakwa mchanganyiko wa grisi, betri ikafunikwa, bomba la hewa na la ekzosi likapandishwa juu kuliko paa. Dereva aliagizwa asibadilishe gia ndani ya maji na asiachie mafuta, kwa sababu injini ikipungua nguvu maji hurudi kwenye ekzosi. Na akishatoka, azibue haraka sehemu alizoelekezwa. Asipofanya hivyo injini iliyozibwa huchemka kilomita chache mbele, naye anafunga njia ya kila aliye nyuma yake. Hilo unalijua bila sisi.

Lori-boti la DUKW lilikuwa mwokozi: magurudumu sita, mzigo wa tani 2.5, lilipakia kando ya meli baharini na kushusha kwenye ghala shambani bila kuhamisha mzigo njiani. Dereva aliweza kupunguza na kuongeza upepo wa tairi akiwa amekaa kwenye kiti, laini kwa mchanga na ngumu kwa lami. Lakini lilichukia kupakiwa kupita kiasi. Kuelekea Omaha kikosi kimoja cha mizinga kilipakia mizinga yake 12 kwenye DUKW, pamoja na watu, risasi na magunia ya mchanga. Mizinga 11 ilizama.

Bandari yenyewe waliibeba. Ziliitwa Mulberry, moja ya Omaha na moja ya Arromanches, upande wa Gold. Kwanza walizamisha meli kuukuu kwa mstari kama kinga ya mawimbi. Kisha yakavutwa makasha ya saruji, makubwa kabisa yakiwa na urefu wa mita 60 na uzito wa tani 6,000. Yakifika mahali pake valvu zilifunguliwa, yakakaa chini. Ndani ya kinga hiyo kulikuwa na magati yanayoelea yaliyoshikwa na miguu minne mirefu ya chuma, yakipanda na kushuka na maji, na barabara za chuma zinazoelea hadi ufukweni.

Dhoruba ya tarehe 19 hadi 22 Juni iliivunja ile ya Omaha, iliyokuwa imeunganishwa kwa haraka zaidi. Vipande vyake vikapelekwa kutengenezea ya Arromanches, iliyotumika miezi mingi. Sifa zote huenda kwa Mulberry, lakini hapa tuna maoni yetu. Wamarekani walipobaki bila bandari walifanya jambo ambalo wanamaji walilihofu mwanzoni: waliziacha LST zipwewe na maji, zikae kavu mchangani, malori yaje hadi mlangoni, na maji yakijaa zielee ziondoke. Mgongo wa meli haukuvunjika kama ilivyohofiwa, na mzigo ulioshuka Omaha uliongezeka. Bandari halisi ya Cherbourg ilitekwa mwishoni mwa Juni, lakini Wajerumani waliiharibu vibaya hivi kwamba meli za kwanza zilishusha katikati ya Julai.

Wajerumani walikuwa na vifaru vingi Ufaransa. Kwa nini hawakuwasukuma baharini siku ile ile? (Gulu)

Walidanganywa, na walikuwa na amri mbovu. Washirika waliunda jeshi la uongo kusini-mashariki mwa Uingereza, likikabili Calais, lenye vifaru vya mpira, ujumbe wa redio wa kubuni na Jenerali Patton wa Marekani kama mkuu wake. Jasusi Juan Pujol, aliyewafanyia kazi Waingereza huku Berlin ikimlipa, aliendelea hata baada ya tarehe 6 kusisitiza kwamba Normandy ni hila. Jeshi la 15 la Ujerumani likabaki Calais kwa majuma. Divisheni za vifaru za akiba hazikuweza kusogezwa bila ruhusa ya Hitler, na ilipotolewa alasiri, madaraja na reli zilikuwa zimepigwa kwa miezi.

Ila usiandike kwamba Normandy peke yake ndiyo iliyoipindua vita. Sehemu kubwa ya jeshi la Ujerumani ilikuwa ikipigana na Wasovieti, ambao tarehe 22 Juni 1944 walianzisha mashambulizi yao ya Belarusi na kuvunja kundi zima la majeshi. Normandy ilimnyima Hitler nafasi ya kuhamishia nguvu upande mmoja. Paris ilikombolewa tarehe 25 Agosti.

Babu yangu alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki). Nyumbani husemwa alishuka ufukweni kwa boti «Ulaya», wengine husema Madagaska. Je, askari wetu walikuwako? (Askari mstaafu, Bombo)

Afande, vikosi vya KAR havikuwa Normandy. Madagaska ni jambo la kweli, nalo lilitangulia. Tarehe 5 Mei 1942 Waingereza walishuka karibu na Diego Suarez, kaskazini mwa kisiwa, kilichoshikwa na Wafaransa wa serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani. Mizinga ya bandari ilitazama mlango wa mashariki. Waingereza wakaingia usiku kupitia ghuba za magharibi zenye miamba na mabomu ya majini, ambazo walinzi waliamini hazipitiki gizani, wakaiendea bandari kutoka mgongoni. Ulinzi wa nchi kavu ulipowazuia, manowari HMS Anthony ilipenya mlango wa bandari usiku na kushusha wanamaji 50 gatini. Bandari ikaanguka tarehe 7.

KAR waliingia baadaye. Tarehe 10 Septemba 1942 Waingereza walishuka Majunga, pwani ya magharibi, na brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ikapitia hapo kuelekea mji mkuu, Tananarive, iliyotekwa tarehe 23 Septemba, kisha ikaendelea kusini hadi Wafaransa walipoweka silaha chini mwanzoni mwa Novemba. Vizuizi vyao vikubwa vilikuwa miti iliyokatwa na kuta za mawe barabarani. Lakini batalioni za brigedi hiyo zilikuwa za Nyasaland (Malawi ya leo), Kenya na Tanganyika. Batalioni ya 4, ya Uganda, ilipigana Abisinia (Ethiopia), kisha Burma ndani ya divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki: bonde la Kabaw wakati wa masika ya 1944, na Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba, ambako wahandisi walijenga daraja la Bailey, la vipande vya chuma vinavyounganishwa, la zaidi ya mita 350. Mganda aliyevuka maji kwa boti huku akipigwa risasi, inaelekea zaidi alivuka mto huo.

Kabla ya kuuliza jamaa tena, tazama medali kama bado zipo. Utepe wenye wekundu mpana katikati, buluu iliyokoza pande zote mbili, na mstari wa chungwa katikati ya kila buluu, ni nyota ya Burma. Utepe wa rangi ya mchanga wenye mstari mwekundu katikati, na mistari miwili myembamba ya buluu, mmoja uliokoza na mmoja hafifu, ni nyota ya Afrika, waliyopewa pia waliopigana Abisinia. Kama kuna kitabu cha utumishi, namba ya batalioni ndiyo unayoitafuta, si jina la nchi. Na kwa ndugu waliofia huko, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya majina inayotafutwa bure kwenye intaneti. Jaribu jina kwa tahajia kadhaa, maana makarani wa wakati ule waliandika walivyosikia.